Anzeni na Kibaraza: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Majengo ya Chuo Kikuu cha Burundi

Kwa Mheshimiwa Rekta, kwa viongozi wa Régie des Œuvres Universitaires, na kwa wahandisi na wachora ramani mnaowategemea,



Barua hii inawajia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ambayo mafundi hupokezana nayo matofali katika saiti nyingi za mji huu. Kifaransa hubaki kwenye ramani na kwenye hundi. Mimi ni mtu wa saiti. Nimeshika kamba na timazi tangu ujana, na siku hizi nasimamia vijana wanaozishika. Tena ni jirani yenu: wanafunzi wa kampasi yenu ya Mutanga wanapanga vyumba mtaani kwetu Nyakabiga, wananunua mkaa kwetu, wanatungojea tuzime redio ili wasome. Kwa hiyo sina haja ya kuomba radhi kwa kupiga hodi.

Nina jambo moja. Fedha za ukarabati zinapopatikana, hapa au kwa majirani zetu, hesabu huanza na vinavyohesabika: vyumba vingapi, viti vingapi, vitanda vingapi, mabati mangapi. Naomba safari ijayo muanze na kile ambacho hakina safu yake kwenye jedwali la makadirio, yaani mahali pa kukaa kati ya darasa na darasa, kati ya bweni na bweni, kati ya chuo na mtaa. Kibaraza, ngazi pana, kivuli cha mwembe, meza ndefu ya kulia. Huko ndiko mwanafunzi wa sheria anakojua kwamba yule wa kilimo ana jina na ana kwao. Na chuo hiki, kwa yaliyokipata, hakiwezi kuacha jambo la wanafunzi kufahamiana litokee kwa bahati.

Yaliyokipata mnayajua kuliko mimi, lakini barua ya wazi husomwa na wengi, kwa hiyo niyataje kwa ufupi. Chuo kilianza mwaka 1964 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, miaka miwili baada ya uhuru. Jina la sasa lilikuja mwaka 1977. Kilikuwa hata hakijafikisha miaka kumi pale 1972 wanafunzi wake walipochukuliwa katika mauaji ya mwaka ule, na wengi hawakurudi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1995, hapo hapo Mutanga, wanafunzi wa Kihutu waliuawa, na miongoni mwa waliowaua walikuwamo wanafunzi wenzao. Halafu machafuko ya 2015: chuo kilipofungwa mwishoni mwa Aprili na mabweni yakafungwa pamoja nacho, mamia ya vijana waliokosa pa kwenda walienda kulala nje ya ubalozi wa Marekani. Tarehe 25 Juni walipenya wakaingia ndani ya uwanja wake.

Mtu asije akasema kwamba nadai kibaraza kingeyazuia hayo. Ukuta hauna ubavu huo, na mwashi anayejigamba kwamba tofali lake huleta amani atafutiwe kazi nyingine. Ninachosema ni kidogo zaidi. Jengo linaweza kurahisisha watu kuzoeana na linaweza kuzuia, na katika chuo chenye kumbukumbu kama hizo jengo linalozuia lina gharama kubwa kuliko zege lake.

Kumbukumbu hizo zina maana hata kwa mchora ramani. Vitabu vya Ulaya vitamwambia kwamba ua uliozungukwa na majengo pande nne, wenye lango moja, ndio unaowakusanya wanafunzi. Kule Oxford na Cambridge wanajivunia nyua za namna hiyo tangu zama za kati. Hapa kwetu mtu mzima akiingia ua wa lango moja, jicho lake la kwanza linatafuta njia ya pili. Sisi tuliokuwa Bujumbura miaka ya tisini hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Basi mahali pa kukusanyikia pa Mutanga pawe na njia mbili au tatu za kutokea, paonekane kutoka mbali, na usiku pawe na taa. Ukishajua kwamba unaweza kuondoka wakati wowote, ndipo unapokaa.

Sasa niwapeleke Kiriri, ambako ni kwenu vilevile. Mwaka 1952 Wajesuiti walifungua Collège du Saint-Esprit, shule ambamo watoto wa Kiafrika, wa Kizungu na wa Kiasia wangesoma pamoja, wakati ambapo mji wenyewe ulikuwa umegawanywa: Waafrika Buyenzi na kule kulikoitwa Belge, Waasia kwao, Wazungu kwao. Ramani ilichorwa na Mbelgiji Roger Bastin. Majengo marefu yamelala kufuata mlima, mji na ziwa viko chini yake, na siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo ng'ambo kama unaweza kuigusa. Katika miaka ya 1980, wakati wa Rais Bagaza, serikali iliichukua shule hiyo, na mahali pale pakawa kampasi yenu.

Nalipenda jengo lile. Aliyelichora alijua jua la kwetu linapiga kutoka wapi na upepo wa ziwa unapanda saa ngapi. Lakini litazameni pia kwa jicho la mtu wa Buyenzi. Waliokuwa ndani walichanganyika kweli, rangi kwa rangi. Waliokuwa chini walibaki chini, wakilitazama likimetameta mlimani. Umoja uliojengewa juu ya kilima cha matajiri ulikuwa umoja wa waliofanikiwa kupanda. Mutanga haina udhuru huo. Imekaa katikati ya watu, Nyakabiga iko ubavuni, wauza ndizi wako langoni. Kwa hiyo mkiiga kitu kutoka Kiriri, igeni vivuli vyake, msiige umbali wake.

Mfano ninaoupenda zaidi hauko Bujumbura, na wala si chuo kikuu. Uko Muyinga, kaskazini-mashariki, nao ni maktaba ndogo iliyomalizika mwaka 2012 kama sehemu ya shule ya watoto viziwi. Wachoraji walikuwa vijana wa BC Architects kutoka Brussels. Najua, mtasema tena Ubelgiji. Ila hawa walianza kwa kuzunguka kutazama nyumba za Warundi zinavyojengwa, na walichokiona kila mahali ni kile ambacho sisi tumekizoea mpaka hatukioni: kibaraza cha mbele chenye paa, ambapo mvua inakimbiwa, mgeni anangojea, maharage yanachambuliwa na maneno yanazungumzwa. Wakakifanya kibaraza hicho uti wa mgongo wa jengo zima.

Niwaeleze kifundi kidogo, maana hapo ndipo utamu ulipo. Matofali yake ni ya udongo uliokandamizwa kwa mashine ya mkono, hayakuchomwa, kwa hiyo hakuna kuni zilizoteketea tanurini kwa ajili yake. Nguzo nene zimesimama karibu karibu, nazo ndizo zinazokishika kibaraza na kuusaidia ukuta mrefu usiyumbe. Paa limebebwa na mikaratusi, limeezekwa vigae vya hapo hapo. Kuta zimeinuliwa juu na kuachiwa matundu ili hewa ya moto itoke. Ndani, juu ya vichwa, umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, na watoto hupanda humo na vitabu vyao. Upande wa kibaraza kuna milango ya mbao inayofunguka yote. Ikifunguliwa, chumba cha vitabu, kibaraza na uwanja wa nje vinakuwa mahali pamoja, na mpita njia hahitaji kujipa moyo wa kubisha. Anajikuta tayari ameshaingia.

Hilo lilifanyika kwa udongo wa Muyinga, miti ya Muyinga na vibarua wa Muyinga. Halikuhitaji vioo wala viyoyozi. Nikiona mchoro wa jengo la chuo lililofunikwa vioo kutoka juu hadi chini, katika mji ambao umeme unakatika utakavyo, huwa najiuliza mchoraji amewahi kukaa ndani ya kioo hapa Bujumbura saa nane mchana.

Kuna jambo la kivuli ambalo sijaliona likiandikwa mahali, na ningependa wachoraji wenu wa kampasi walifikirie. Majengo mengi ya shule na vyuo mjini kwetu yana paa linalotokeza nje ya ukuta kwa sentimita 60 hivi. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kama digrii tatu tu kusini yake, kwa hiyo saa sita jua liko utosini na kivuli cha paa ni ukanda mwembamba chini ya ukuta. Watazameni wanafunzi wakitoka darasani wakati huo. Wanasimama katika ukanda ule, migongo ukutani, madaftari kifuani, wamejipanga kama ndege kwenye waya. Mtu aliye katika mstari anaweza kuzungumza na wawili tu, wa kulia na wa kushoto, nao kwa kawaida ni wale wale aliokaa nao darasani. Jua likishaanza kwenda magharibi, ukanda wa upande ule unatoweka na mstari unavunjika, kila mtu anakwenda zake. Sasa lifikisheni paa mita mbili na nusu, liwekeeni nguzo, jengeni benchi la matofali kati ya nguzo na nguzo. Pale pale watu watageuka, watakaa wakitazamana, duara litapatikana. Wa darasa jingine akitoka atakuta nafasi katika duara hilo. Sentimita 60 zinafanya foleni, mita mbili na nusu zinafanya mazungumzo. Tofauti ya gharama ni bati, mbao na nguzo chache, na faida nyingine ni kwamba ukuta wa darasa haupigwi jua na mvua ya Aprili haiingii dirishani.

Mhindi Balkrishna Doshi alilielewa hili alipochora Taasisi ya Usimamizi ya Bangalore, kazi iliyoanza miaka ya 1970. Alizipa njia za kati ya madarasa upana na urefu wa kwenda juu kuliko ilivyohitajika kwa kupita tu, akazifunika nusu kwa mihimili na mimea inayotambaa, makusudi watu wachelewe humo. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Miaka minne baadaye ikaenda kwa Francis Kéré wa Burkina Faso, mtoto wa kijiji cha Gando ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa shule ya udongo kijijini kwao. Natumaini hamtaniambia tena kwamba kivuli na udongo ni mambo ya watu maskini.

Majirani zetu wamejifunza mengine, mazuri na ya kuonya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa hosteli mpya mwaka 2017, majengo 20 ya wanafunzi 3,840 yaliyosimamishwa kwa muda mfupi sana, nchi nzima ilifurahia, na kwa haki. Kijana aliyekosa kitanda hawezi kungoja falsafa yangu ya vibaraza. Hata hivyo Mlimani, yaani chuo hicho cha Dar es Salaam, hakukujulikana duniani kwa vitanda. Kulijulikana kwa midahalo ya miaka ya sitini na sabini, kina mwanahistoria Walter Rodney na wanafunzi waliokuwa wakitoa jarida la Cheche, watu waliobishana ukumbini kisha wakaendelea kubishana njiani mpaka usiku. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, nako, jengo kuu la mwaka 1941 lilipoungua Septemba 2020, wengi walililia kama ndugu. Serikali ilikubali kulijenga upya kwa sura ile ile, likafunguliwa tena mwaka 2024. Lililoliwa na moto lilikuwa na ofisi na makaratasi, lakini watu walikuwa wakililia uwanja wa mbele, mahafali na picha za familia zilizopigwa pale.

Sasa chakula. Ukinipa fedha za kukarabati kitu kimoja tu, nitakarabati jiko na ukumbi wa kulia kabla ya ukumbi wa mihadhara. Najua hesabu za chakula cha wanafunzi zimekuwa ngumu, sarafu imepoteza nguvu, na mafuta ya magari yenyewe yamekuwa ya kutafutwa kwa foleni. Sizungumzii nani alipe. Nazungumzia meza. Meza ya watu wanne ni ya marafiki wanne waliokuja pamoja. Meza ya watu ishirini inamlazimisha mtu kusema "sogea kidogo" kwa asiyemjua, na kutoka hapo ni hatua moja kufika "chumvi iko wapi" na "wewe unasoma nini". Hata wanaobeba chakula chao kutoka mtaani, ugali na ndagala kwenye kopo, wapewe mahali pa kukaa humo bila kuulizwa tikiti. Sinki za kunawia ziwe nje, upande wa kuingilia, ziwe nyingi, maana kwenye foleni ya kunawa mikono watu husalimiana hata wasipopenda.

Vyoo nitavipitia haraka ingawa ndivyo vya kwanza kwa umuhimu. Msichana asiye na choo safi chenye maji na komeo hatakaa kampasi baada ya saa kumi na mbili jioni, na akiondoka yeye, nusu ya mazungumzo imeondoka. Vivyo hivyo njia isiyo na taa. Wekeni taa za sola kwenye njia za kwenda bwenini na kwenye vibaraza kabla hamjaweka moja mbele ya jengo la utawala. Tena ziwekwe chini, zimulike nyuso na miguu. Zile za juu ya mlingoti mrefu humulika mlingoti.

Kuhusu njia zenyewe, nina ombi la kifundi. Msimwage zege mpaka mtazame miguu imepita wapi. Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kilimwita mchora ramani Christopher Alexander na wenzake mwanzoni mwa miaka ya sabini kikiwa kimetikiswa na maandamano ya wanafunzi. Badala ya kuwachorea ramani moja kubwa ya kumaliza yote, waliwaambia wajenge kidogo kidogo, na kila kidogo kiamuliwe pamoja na watakaokitumia. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1975. Mimi nisingekisoma kama si mhandisi mmoja kuniazima, lakini nilipokisoma niliona kinasema kile ambacho kila mwashi anakijua: mwenye nyumba asipokuja saiti, mlango utawekwa mahali pabaya. Wenye nyumba hapa ni wanafunzi, walimu, wafagiaji, walinzi na wale akina mama wa fotokopi. Mlinzi wa usiku anajua kona gani watu wanaikwepa. Mfagiaji anajua wapi watu hukaa, kwa sababu ndipo anapookota maganda ya karanga. Waiteni kwenye kikao cha ramani na muwalipe siku yao.

Mna kampasi zaidi ya moja: Mutanga, Kiriri, Kamenge palipo na hospitali ya Roi Khaled, na Zege kule Gitega. Mwanafunzi wa udaktari anaweza kumaliza miaka yake yote bila kumjua hata mmoja anayesoma uchumi. Hilo halimalizwi na tofali, linahitaji basi na ratiba. Lakini tofali linaweza kusaidia kidogo. Kila kampasi iwe na chumba kimoja kizuri ambacho ni cha wageni wa kampasi nyingine, chenye meza, umeme wa kuchajia simu na ubao, ili anayekuja asiwe mtu wa kusimama uani akingojea mwenyeji wake.

Limebaki lango, na hapa najua tutabishana. Watu wa usalama wanataka ukuta mrefu na lango moja, na sababu zao si za kubeza. Mimi naomba upande wa Nyakabiga uwe na lango la pili la miguu, likifunguliwa asubuhi na kufungwa usiku, na nje yake kijengwe kibaraza kimoja kirefu chenye paa, nusu ndani ya uzio, nusu nje. Wauza vitabu vya mitumba, wapiga chapa, muuza kahawa na maandazi wakae hapo kwa utaratibu na kodi ndogo. Vijana wetu wa mtaani waliokosa nafasi ya chuo wakae hapo pia, wasikilize. Ikitokea siku mbaya tena, na Mungu apishe mbali, mwanafunzi anayejulikana kwa jina na mama wa mtaani ana mlango wa kugonga. Hilo nalo ni usalama, ingawa halivai sare.

Gharama? Chukueni sehemu moja ya kumi ya bajeti ya ukarabati wowote ujao, muiandike kwenye kitabu cha masharti kama kifungu chenye namba yake: vibaraza, mabenchi, vivuli, taa za njia, sinki na miti. Kikiandikwa mwishoni kama "mengineyo" kitaliwa na bei ya saruji kabla msingi haujakauka, nimeshuhudia hilo katika saiti nyingi. Kikiwa na namba, mkandarasi atakitolea bei, na msimamizi ataweza kumuuliza kiko wapi.

Mkikubali hata kipande kimoja cha majaribio, ukuta wa jengo moja tu pale Mutanga, mimi na vijana wangu wanne tutakuja kupima na kupiga hesabu bila malipo. Miti ya kivuli ipandwe mvua za kwanza zinapoanza, kama mwezi wa kumi, na mashimo yawe yameshachimbwa kiangazi hiki. Mwembe utachukua miaka, lakini paa tunaweza kulimaliza kabla ya muhula kuanza.

Wenu jirani,
Mwashi wa Nyakabiga, Bujumbura